Siku Aloys Alipoketi Mbele ya Kamera

Aloys ni mpiga picha wa televisheni, na ukitaka kumuudhi mwite mpiga picha wa harusi. Mimi humwita hivyo kila asubuhi. Tumegawana duka moja hapa Gisenyi mjini, mimi na cherehani yangu mbele, yeye na kompyuta zake nyuma ya pazia. Mtu ukishakaa na mwenzako miaka yote hiyo, wallahi, ruhusa ya kumchokoza unayo. Yeye hunijibu kwa Kiswahili chake cha Goma: "Mama Faradji, we shona tu."

Lakini kweli alikuwa wa televisheni. Alirudi na wazazi wake kutoka Goma akiwa kijana, akajifunza kazi kwenye studio ya picha karibu na soko, kisha kituo kimoja cha Kigali kikamchukua awe mtu wao wa huku kwetu. Enzi hizo kamera ilibebwa begani kama gunia la viazi, na picha zilikaa kwenye kaseti. Mvua ikiporomosha mlima kule Kanama asubuhi, Aloys anapiga, anakimbia kituo cha mabasi, anamkabidhi dereva kaseti kwenye bahasha, na jioni tunajazana kwa jirani kuitazama mvua yetu wenyewe kwenye taarifa ya habari. Alitembea mjini kifua mbele, jamani! Hata polisi walimpisha.

Baadaye kaseti zikafa, zikaja kadi ndogo kama ukucha, ikaja intaneti. Mwisho kituo kikamwambia asante sana, siku hizi wananchi wanatutumia video kutoka kwenye simu zao, tena bure. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza. Waliacha tu kumpigia. Nilikasirika mimi kuliko yeye. Yeye aliifuta kamera vumbi akaanza kuchukua harusi, na kila harusi akaipiga kama habari ya taifa: kamera imetulia, sauti safi, hakuna kichwa kilichokatwa.

Sasa nije kwa binti yake, Teta. Mama yake alifariki Teta akiwa hajaanza kutembea. Aliyemlea ni dada mkubwa wa Aloys, Nyirahabimana, ambaye Aloys humwita Yaya, kama watu wa Goma wanavyomwita dada mkubwa. Huyo alibaki Goma, ng'ambo ya mpaka, na Teta alikulia kwake. Kwa mwenye miguu mizima kuvuka ni mwendo wa miguu, lakini mwaka jana Nyirahabimana alianguka akavunjika nyonga, na tangu hapo hatoki kitandani. Teta akapata mchumba, Régis, mwalimu wa Kanama. Ikapangwa siku ya gusaba, yaani siku ukoo wa mume unapokuja kumwomba binti mbele ya watu wote.

"Papa," Teta akamwambia baba yake nikiwa nampima nguo, "kama Shangazi hanioni, na hanitoi yeye mwenyewe, mi siolewi." Nilimtazama usoni. Hakuwa anatania.

Basi ikabidi sherehe irushwe mubashara. Jolly, binti mmoja wa hapa mjini aliyerudi kutoka Uganda, ndiyo kazi yake: anarusha sherehe za watu mtandaoni kwa simu. Aloys akaikataa simu katakata. "Yaya amuone mutoto kwa kasimu? Picha itaganda, itaruka-ruka. Hapana!" Akaunganisha kamera yake kubwa na kompyuta, akaipanga ihifadhi picha kidogo kabla ya kuituma, ili isikatike njiani.

"Baba Teta, itachelewa karibu nusu dakika," Jolly akamwambia.

"Bon, haina neno. Televisheni zote zinachelewa."

Sauti ya shangazi ikawekewa njia yake: simu ya kawaida iliyounganishwa na spika, sauti ya upande wetu ikiwa imezimwa ili spika zisipige mluzi. Yeye atatuona na kutusikia kwenye picha, sisi tutamsikia kwenye simu. Wote tukaona ni sawa.

Siku ikafika. Kwa desturi baba wa binti hafungui mdomo siku ile. Anayesema ni msemaji wa ukoo, na wetu alikuwa Mzee Twagirimana, mtu wa desturi mpaka kwenye kucha. Aloys akaketi mbele na fimbo yake, kamera ikiwa mikononi mwa Jolly, naye macho yote kwenye kamera. Nikatamani nimfinye.

Pande mbili zikataniana kama ilivyo ada. Msemaji wa akina Régis akasema wamesikia binti wetu hajui hata kuchemsha viazi. Watu wakacheka. Mzee Twagirimana, akiona mawingu yameshuka upande wa Bugeshi, akaharakisha: "Shangazi wa binti, unakubali tumtoe Teta kwa ukoo huu?"

Spika zikanguruma: "Hapana! Hapana kabisa! Hao ni waongo!"

Watu wakacheka kidogo, wakidhani ni utani. Mzee akamuuliza tena kama anatania au ni kweli. Kimya. Akangoja, uso ukamkunjamana, akasema, "Donc, basi niwaambie wageni warudi kwao Kanama?"

"Ndiyo!" spika zikaitika. "Ndiyo, na moyo wote!"

Mungu wangu! Mama yake Régis akachukua mkoba wake. Ndani ya nyumba nikamsikia Teta akilia kwa sauti.

Nikamwona Aloys akielewa. Alijua dada yake anajibu maneno yaliyokwisha kupita, hapana kwa utani wa viazi na ndiyo kwa swali la kwanza la Mzee, alijua na sababu, lakini baba hasemi. Nikanong'ona, "Sema, mwanaume!" Akasimama. Akaiendea simu, akawasha upande wetu, na wote tukamsikia: "Yaya, zima picha. Picha inachelewa. Sikiliza simu tu, unijibu."

"Nikizima," shangazi akasema, "mutoto nitamuona na macho gani?"

Njia ya mkato ilikuwepo: dada yake ajibu neno moja kwenye simu bila kuona, mambo yaishe, wageni wapate kula. Aloys akauzima tena upande wetu wa simu, akawageukia watu.

"Munisamehe. Mi ni baba, sitakiwi kusema. Dada yangu anatuona kwa kuchelewa, na kosa ni langu, mi ndiye nilipanga. Huyu mutoto ni yeye alimulea. Naomba tumuulize, halafu tumungojee."

Mzee Twagirimana akamkazia macho. "Baba anayesema anatoa faini ya pombe," akasema. Kisha akaketi. "Mleteni binti."

Teta akatolewa kabla ya wakati wake, macho yamevimba, akasimamishwa karibu kabisa na kamera. Mzee akauliza upya, polepole, neno kwa neno. Kisha tukangoja. Matone yakaanza kudondoka, hakuna aliyefungua mwavuli. Mama yake Régis alikuwa ameusahau mkoba wake mkononi. Mimi, ambaye sijui kufunga mdomo, niliufunga.

Spika zikakohoa.

"Namuona," shangazi akasema. Akavuta pumzi. "Namuona muzuri. Amekonda. Mumuchukue, nimemutoa mi mwenyewe. Lakini mumulishe."

Ukoo mzima wa Kanama ukaangua kicheko, nami nikalia kama mtoto, sioni haya kusema. Mzee alikuwa tayari anaita vinywaji. Teta akaisogelea kamera, akasema, "Aksanti, Shangazi." Kisha akabaki pale pale mvuani, bila kusogea, mpaka neno lake lifike.