Dakika Nne za Loretta

Kwenye ukuta wa jikoni kwa Emil Hudak palikuwa na mstatili wa rangi ya krimu, safi kuliko ukuta wote, na matundu mawili ya skrubu. Hapo simu ilitundikwa kwa miaka ishirini na sita. Ilipong'olewa, nyumba ile ilinyamaza mpaka sisi majirani tukausikia ukimya wake. Zamani, wakati wa kiangazi, mlio wa simu ulivuka uzio hadi barazani kwetu, kisha sauti ya mkewe Loretta ikafuata: "Haya, sema!" Hakuwahi kusema halo kama watu wengine.

Emil alikuwa fundi wa laini za simu kwa miaka thelathini na mmoja. Mji wetu umekaa kwenye vilima juu ya mto Monongahela, si mbali na Pittsburgh, nyumba zimepandana kama ngazi, na hakuna nguzo katika vilima hivyo ambayo hakuipanda, theluji au jua. Goti lake la kushoto lilikuwa halikunjiki vizuri kwa sababu ya kazi hiyo.

Loretta alifariki Oktoba, kwa kiharusi, akiwa anakunja taulo. Wiki chache baadaye simu zilianza. Wauza madirisha, wasafisha mazulia, watu wa bima. "Naomba kuzungumza na Bibi Loretta Hudak." Mwanzoni Emil alieleza. Kisha akawa anajibu tu, "Hayupo." Siku moja Desemba, mtu wa mazulia aliuliza, "Atarudi saa ngapi?" Emil aliweka mkono wa simu mezani bila kukata simu, akachukua bisibisi, akatoka nje kwenye kisanduku cha kijivu ukutani, pale laini ya simu inapoingilia nyumbani, akazifungua nyaya mbili.

"Maisha yangu yote nimeunganisha watu," aliniambia juu ya uzio, pumzi yake ikitoka kama moshi. "Leo nimemkata mmoja. Mimi mwenyewe."

Chini ya televisheni yao kulikuwa na mashine ya kurekodi vipindi, zawadi ya binti yao Denise. Ilikuwa mashine ya Loretta. Kila siku ilipiga simu yenyewe, kupitia laini ya ukutani, kuuliza nini kitaonyeshwa wiki mbili zijazo. Na kila alichokuwa ameagiza Loretta, ilikirekodi. Laini ilipokatwa, mashine ilimaliza ratiba iliyokuwa nayo, ikakaa. Haikurekodi tena kitu. Emil hakujali. Humo ndani alikitaka kipindi kimoja tu, na hicho hakikuhitaji ratiba.

Zilikuwa dakika nne. Kwaresima iliyotangulia kifo cha Loretta, mtangazaji wa kituo cha Pittsburgh alishuka kwenye chumba cha chini cha kanisa letu, ambako kila Ijumaa akina mama hutengeneza pirohi za kuuza, vile vifuko vya unga vilivyojazwa viazi, unga umewajaa hadi kwenye nyusi. Alimwelekezea Loretta kipaza sauti.

"Siri yake ni nini, mama?"

"Kuzifunga vizuri. Unabana ukingo hivi, kama unamfinya mume sikio."

"Akilia je?"

"Ujue viazi havitamwagika."

Wanawake wote waliangua kicheko, na Loretta akaitazama kamera kwa mara ya kwanza, akashtuka, akajifuta pua na kuipaka unga. Hapo ndipo Emil alipokuwa akisimamisha picha kila siku baada ya chakula cha mchana. Hakukuwa na picha nyingine ya Loretta akitembea na kuongea. Walikuwa watu wa picha za mnato, za arusi na ubatizo.

Lakini kila alipowasha mashine, kwanza lilimtokea onyo: haijapiga simu kwa siku arobaini. Siku mia moja. Siku mia mbili na themanini. Mtu mwingine angelipuuza. Kwa fundi wa laini, lile onyo lilikuwa kama homa ya mtoto.

"Laini isiyotumika huoza," aliniambia Septemba, akiwa amesimama mlangoni kwangu. "Nimeona kwa macho yangu. Unafungua sanduku, nyaya zote kijani. Mashine hii itakufa, naye Loretta atakufa humo ndani. Wewe bado una simu ya ukutani?"

"Ninayo. Lakini mzee, mbona inacheza vizuri? Iache tu."

"Mwalimu wa historia ananifundisha simu! Mimi nimekufundisha lini habari za Napoleon?"

Nilikubali. Jumamosi asubuhi alizunguka uzio kupitia barabarani akiwa ameibeba mashine kifuani, ameifunga blanketi la kufuma la Loretta, akitembea polepole kwa sababu ya goti. Jirani mmoja akamwita kutoka kwenye gari, "Emil! Ni wa kike au wa kiume?" Emil akajibu, "Amefanana na mama yake," na wote wawili wakacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumsikia akicheka.

Tuliichomeka kwenye televisheni yangu na kwenye simu yangu. Ikapiga. Emil aliinua mkono ninyamaze, akainamisha sikio, akausikiliza ule mlio wa mashine mbili zikitambuana kama mtu anayesikiliza kwaya. "Laini safi," akasema. "Hii niliivuta mimi, mwaka wa themanini na moja."

Tulikunywa kahawa birika mbili tukisubiri ipange ratiba. Kisha ikaonyesha orodha ya maagizo ya Loretta, yote yakiwa bado yamesimama: tamthilia ya kila mchana, mashindano ya kuoka, wapelelezi wa zamani, misa ya Jumapili kwa wagonjwa. Mimi ndiye niliyeyasoma kwa sauti. Pembeni ya kila agizo Loretta alikuwa ameweka alama: rekodi vyote, vitunze mpaka nitakapovifuta.

"Mroho huyu mwanamke," Emil alisema, na macho yake yakajaa maji. "Tazama alivyotaka kila kitu."

Alirudi nayo kwake, ndani ya lile blanketi, ikiwa na ratiba mpya ya wiki mbili.

Jumapili ya wiki iliyofuata, baada ya misa, alinipigia kwa simu ya mkononi aliyopewa na Denise, simu ambayo hakuwahi kuitumia kunipigia mimi. Alisema tu, "Jirani, njoo." Nilimkuta kwenye kochi, rimoti kwenye goti. Orodha kwenye kioo ilikuwa imejaa. Tamthilia, keki, wapelelezi, vipindi vipya na vya marudio, saa arobaini za vitu alivyovipenda Loretta. Nilishuka nayo hadi chini kabisa. Nikapanda. Nikashuka tena. Zile dakika nne hazikuwamo.

Diski ilipojaa, mashine ilitafuta cha kufuta. Vipindi vya maagizo yake Loretta alikuwa ameamuru vitunzwe. Zile dakika nne alizirekodi kwa haraka, bila alama yoyote, kwa sababu alikuwa akiona haya kujitazama. Zilikuwa za zamani kuliko zote. Miezi tisa ya ukimya ndiyo iliyozilinda, na sisi tukauvunja.

"Imemtii," Emil alisema. "Imefanya alivyosema yeye."

Nilimwomba msamaha. Aliitikia kwa kichwa, lakini hakunitazama. Jumatatu nilipiga simu kituoni Pittsburgh. Mama mmoja mwenye sauti ya upole alinitafutia siku tatu, kisha akanieleza kwamba habari ndogondogo za mchana hawakuzihifadhi, kanda zilitumika upya. Kanisani niliuliza kila aliyekuwepo siku ile. Wote waliikumbuka. Hakuna aliyeirekodi.

Emil hakufuta kipindi hata kimoja. Majira yale ya baridi alivitazama vyote kwa mpangilio, tamthilia ambayo hakuwajua watu wake, keki ambazo asingezioka. Nilipopita kumpelekea supu aliniambia bila kugeuza kichwa, "Huyu daktari mwongo. Loretta alikuwa akimtukana kila siku, nami nilidhani anaongea kwenye simu."

Masika yaliyofuata aliuza nyumba. Anaishi mji wa Erie sasa, kwa Denise, katika chumba kinachotazama maegesho ya magari ya shule.