Raundi Moja ya Heshima

Katika mambo yote yaliyomchosha Imakulata maishani, na hayakuwa machache, hakuna lililomfika shingoni kama baraza ya kahawa ya Masoud. Baraza yenyewe ipo ukuta kwa ukuta na nyumba yake pale Makorora, na kila siku baada ya sala ya alasiri wanaume wenye akili zao timamu, wengine wana wajukuu, huketi hapo na vikombe vya kahawa chungu wakabishana jambo lile lile walilobishana jana. Bondia wa leo na bondia wa zamani, nani angempiga nani?

Huanzia mbali. Ali wa Kinshasa angesimama na haya majitu ya siku hizi, marefu kama mlango? Foreman je? Wakishachoka na Marekani na Ulaya hurudi nyumbani, na hapo ndipo Imakulata huanza kusaga meno. Kwa sababu bondia wa leo wa nyumbani ni Saud, mtoto wa Asaad mwenye minazi ya Tongoni, kijana wa uzito wa juu ambaye picha yake imebandikwa kwenye nguzo za umeme mji mzima. Na bondia wa zamani wa nyumbani ni Lucas, mumewe.

"Hawa wa siku hizi wanapiga picha, hawapigi ngumi!" Uweso alikuwa akipayuka, na ukuta ukimfikishia Imakulata kila neno. Uweso ni Mzigua wa Pangani, dereva mstaafu wa lori la shamba la mkonge, na ndiye aliyekuwa akiwabeba mabondia wa kambi kwenda kupigana na wa kambi nyingine. "Lucas alikuwa anakata mkonge juma zima, Jumapili anatoka kanisani anapanda ulingoni. Huyo Saud mpe panga la mkonge siku moja tu, atamlilia mama yake."

"Ushamba tu huo, yakhe," Masoud akamjibu huku akimmiminia kahawa. "Mtoto ana mwalimu, ana daktari, chakula chake kinapimwa. Lucas alikuwa anakula nini? Ugali na dagaa. Wallahi angelala raundi ya pili."

"Mwiteni mwenyewe basi!"

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa siku zote. Mwiteni mwenyewe. Watamchukua mzee wa watu, watamketisha kati, watamminya mkono kama mbuzi wa mnadani, watamwambia aoneshe ile ngumi ya kushoto. Lucas hutabasamu na kuonesha. Kisha watamrudisha nyumbani akitetemeka, na wao watakwenda zao kula chakula cha jioni. Anayebaki kumfunga vifungo vya shati ni Imakulata.

Maana Lucas hakuwa mzima tena. Mikono ilikuwa haishiki kikombe mpaka kijae nusu tu. Siku nyingine alimwita Imakulata kwa jina la dada yake aliyekufa Tabora. Alitia sukari kwenye maharage. Waliompima walisema ni ngumi za kichwani, zilikaa humo miaka yote zikingoja uzee. Watu wa baraza walilijua hilo, lakini kulijua ni kitu kimoja na kulitia kwenye hesabu ni kitu kingine. Walilinganisha mikono, vifua, mikanda na miguu. Mke wa kumlisha bondia uji hakuwamo kwenye mashindano.

Imakulata alimwona Lucas mara ya kwanza kambini, upande wa Muheza, wote wawili watoto wa Wanyamwezi waliokuja kukata mkonge. Ulingo ulikuwa magogo manne na kamba za katani, na kamba zile mbichi zilimchuna bondia mgongo kila alipoziegemea. Mpaka leo Lucas ana mistari mgongoni. Imakulata alikuwa akimkanda uso kwa maji ya moto na chumvi, naye Lucas akicheka na mdomo uliopasuka, akisema, "Ungemwona yeye." Alimpenda kwa kicheko kile, mjinga yeye, na aliolewa nacho.

Kilichomtesa zaidi sasa ilikuwa kengele. Lucas alisahau majina, alisahau njia ya sokoni, lakini kengele hakuisahau. Kanisani wakati wa mageuzo, mtumikiaji akigonga ile kengele ndogo, waumini wote wamepiga magoti, Lucas husimama. Ngumi juu, kidevu kimejificha begani, macho yanamtafuta mtu. Imakulata humvuta shati haraka akae, na watoto hucheka. Walikwishahamia benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango.

Kwa hiyo siku Masoud alipobisha hodi, uso umemng'aa, kusema kwamba baraza imepata njia ya kumaliza ubishi, Imakulata alijua ni balaa kabla hajamaliza salamu.

"Mama Jenifa, Saud ana pambano lake kiwanja cha Nguvumali. Kabla halijaanza, yeye na mzee watapanda ulingoni. Raundi moja tu. Raundi ya heshima. Asaad mwenyewe amekubali."

"Mmemuuliza nani?"

"Tumemuuliza mzee. Amefurahi mno."

"Mzee jana ameniuliza mimi ni nani, Masoud."

"Mama Jenifa, usituharibie. Mtu huheshimiwa angali hai."

"Basi mheshimuni akiwa amekaa!" Alifunga mlango kwa nguvu mpaka kuku wakaruka.

Akamfuata Saud mazoezini. Kijana mrefu, mpole, mwenye adabu zake, akavua glovu aliposikia hodi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Wewe ndiye utakayempiga mume wangu?"

Saud aliona haya. "Hapana, bibi. Nitamgusa tu. Nimekua nikisikia habari zake."

"Wewe utamgusa. Yeye hatakugusa, baba. Kengele ikilia, yeye atapigana. Na akikutia ngumi ya kweli, mkono wako utajibu wenyewe kabla hujauzuia. Si ndivyo mnavyofundishwa?"

Kijana alitazama chini. Alisema tangazo limekwishatoka, baba yake amekwishaalika watu, na yeye hawezi kumvunjia heshima baba yake. Imakulata aliondoka akinung'unika njia nzima. Kila mtu katika mji huu ana wa kumheshimu, na heshima zote zinakwenda kumwangukia mzee mmoja kichwani!

Siku yenyewe alidhamiria kumfungia Lucas ndani. Lakini alipotoka jikoni alimkuta amekaa kitandani, amevaa viatu, na kamba za viatu amezifunga mwenyewe. Hakuwa amezifunga mwenyewe tangu mwaka wa juzi. Imakulata alisimama na ufunguo mkononi, hasira zimemjaa, machozi yamemjaa, asijue amgombeze nani. Mwisho akaurudisha ufunguo msumarini, akajifunga kanga kiunoni, akafuatana naye.

Kiwanja kilikuwa kimejaa. Walipomvua Lucas shati na ile mistari ya katani ikaonekana mgongoni, watu walipiga kelele za shangwe, wazee wa baraza wakiwa wa kwanza. Saud alipanda upande wa pili, akainama kumsalimia. Lucas alikuwa ameshikilia kamba, anatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Mezani chini ya ulingo alikaa Uweso, kanzu imepigwa pasi, amejiteua mwenyewe kuwa mgonga kengele. Na kengele aliyokuja nayo ilikuwa yake, ya shaba, ile ile ya enzi za kambi. Aliichukua shamba lilipofungwa na alikuwa akijivuna nayo kuliko nyumba yake. Imakulata aliitambua. Kengele ya kanisani ilimsimamisha Lucas. Hii ingemfanya nini?

Refa akainua mkono. Uweso akainua kengele, ulimi wake wa chuma ndani ameuzuia kwa kidole, anangoja.

Imakulata hakupanga. Alipita kati ya watu, akafika mezani, akampokonya Uweso kengele mkononi na kuifunika ndani ya kanga yake.

"Mtani!" Uweso aliruka. "Unafanya nini?"

"Nimechukua." Sauti yake ilifika mpaka nyuma. "Siku ya msiba wa mama yangu wewe Mzigua ulinibebea jogoo wangu ukamtia ndani ya kanzu, ukazunguka naye Makorora nzima. Nilikasirika?"

Watu waliokuwa karibu wakaanza kucheka. Hakuna asiyejua kwamba Mnyamwezi na Mzigua ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akichukua kitu chako hadharani humnyang'anyi wala humnunii. Unambembeleza, naye atakurudishia siku akipenda. Uweso akamtazama Masoud, na Masoud alikuwa ameshika mbavu.

"Lakini, mtani, watu wanangoja..."

"Wangoje. Au utakasirika mbele yao?"

Hakuweza kukasirika. Asaad alisimama kwenye viti vya mbele, naye akaona uwanja mzima unacheka, akaketi. Ulingoni Saud alikwishaelewa. Haraka, kabla mtu hajatafuta sufuria la kugonga, aliushika mkono wa Lucas akauinua juu, na watu wakashangilia kana kwamba kulikuwa na pambano.

Imakulata alimrudisha mumewe nyumbani kwa bajaji, kengele kaibana kwapani. Alikuwa bado ana hasira. Alimketisha Lucas, akafungua kanga ili aitupe jalalani kengele ya huyo mtoto wa Kizigua, na mkono ukamteleza. Kengele ikalia.

Lucas alisimama. Ngumi juu, kidevu begani, na safari hii macho yalimpata mtu, na mtu mwenyewe alikuwa yeye. Alisogea hatua moja, miguu imeachana vizuri, si miguu ya mgonjwa. Hapakuwa na shati la kuvuta, lilibaki kiwanjani. Imakulata aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa katika nyumba ile, na kwa kukosa la kufanya aliigonga kengele mara ya pili.

Ngumi zikashuka. Pale pale. Lucas aligeuka, akaenda kwenye benchi lililokuwa kwenye kona, akaketi, akatandaza mikono ukutani huku na huku kama juu ya kamba, akainua uso na kufungua mdomo.

Imakulata alisimama hapo na kengele yake. Miaka yote ile alikuwa akimvuta shati, na hakuna aliyewahi kumgongea mtu huyu kwamba raundi imekwisha. Akachota maji mtungini, akamnywesha polepole.

Lucas alimeza. "Yule kijana," alisema. "Mrefu yule. Ananipiga."

"Saud?"

"Hata enzi zile angenipiga. Mkono wake unafika kabla ya wangu." Akamshika kanga. "Usiwaambie."

Kesho yake alasiri Uweso alikuja mlangoni kuibembeleza kengele yake kama ada inavyotaka, na nyuma yake baraza nzima na vikombe vyao, ubishi umewashika upya. Waliachwa njiani, walisema, hawakuona kitu. Mzee mwenyewe anasemaje? Enzi zake angemweza?

Imakulata aliwatazama wote, vichwa vyeupe vile, akasonya. Jibu lililoshinda ubishi wao wote alikuwa nalo, na angewafunga midomo mpaka kufa.

"Angempiga," alisema. "Tena raundi ya kwanza."

Uweso alipiga yowe la furaha, akasahau hata kilichomleta. Imakulata akafunga mlango, akarudi kwenye kona kuangalia kama Lucas anataka maji.