Reli Mbele ya Mstari

Mwanangu hunipigia simu kompyuta inapoharibika. Ikiwa nzima, hanipigii. Sisemi hivi kumlaumu, ndivyo tulivyo tu. Simu za kujuliana hali zilitushinda tangu baba yake alipofariki. "Shikamoo, Mama." "Marahaba. Hamjambo huko?" "Hatujambo. Nyie mnaendeleaje?" Nyie ni akina nani? Nyumba nzima ni mimi na paka asiye wangu. Baada ya hapo tunasikilizana tunavyopumua, mpaka mmoja wetu ausingizie mtandao.

Lakini kompyuta ikigoma tunaongea hata saa nzima.

Nina duka dogo la kuchapa na kutoa kopi hapa Tabora, mtaa wa nyuma ya soko. Kabla hajaenda Dar es Salaam kufanya kazi ya mitandao ya kompyuta, mwanangu aliona jinsi flashi za wateja zilivyokuwa zikiniletea virusi kila juma. Flashi za mji huu zinazunguka kila mahali, kama vikombe vya kahawa barazani. Akafuta kila kitu, akaniwekea Linux. "Humu, Mama, virusi vitakufa njaa." Kweli vilikufa. Ila mafundi wa mjini nao wakakosa ulaji kwangu, maana kila niliyemwita aliitazama, akajikuna kichwa, akauliza, "Mama, huu mfumo wa wapi?" Kwa hiyo fundi wangu ni mmoja tu, naye yuko mwisho wa reli.

Mwaka huu, mvua za kwanza zilipoanza, kompyuta iliniuliza kama nataka kuboresha mfumo. Niliulizwa kwa adabu, nami nikabonyeza ndiyo. Ikahangaika asubuhi nzima ikila intaneti ya simu yangu, ikajizima, ikajiwasha, ikaja na picha ya milima nisiyoijua. Nikafurahi kama mtu ambaye nyumba yake imepakwa rangi mpya. Kisha akaja mzee mmoja kutoka Ntalikwa anataka kuchapiwa barua ya uhamisho wa mjukuu wake shuleni. Barua niliipiga vizuri, printa ikakaa kimya. Haikuwepo kabisa humo kwenye kompyuta, utadhani sijawahi kuinunua. Yule mzee alisubiri kwa upole unaoudhi kuliko matusi, halafu akaenda kwa mwingine.

Nikampigia mwanangu. Wakati simu inaita moyo ulinichangamka, nikauonea haya.

Alinieleza vizuri. Programu za Linux, alisema, huchukuliwa kwenye maghala yaliyoko mtandaoni, na ndani ya kompyuta kuna faili lenye anwani za maghala hayo, kila ghala na mstari wake. Programu ya printa yangu ilitoka kwenye ghala dogo la mtu binafsi, na huyo mtu amelihamisha. Sasa mfumo mpya unakwenda anwani ya zamani na kulalamika. "Ni kama kupeleka tumbaku ghalani ukakuta kiwanja kitupu," akasema. "Tutaunyamazisha mstari wa zamani, kisha tuandike mpya. Umeuona wenye jina la printa? Weka reli mbele yake, kompyuta itauruka."

Reli ni ile alama ya vijiti vilivyopitana ambayo kila mtu huibonyeza mwisho akiangalia salio la simu. Nikaiweka, nikahifadhi. Nikaandika amri aliyonitajia herufi moja moja. Kosa likarudi lilelile: ghala halina faili la Release, yaani orodha ya vilivyomo.

"Umeweka reli?"

"Nimeweka."

"Mbele?"

"Mbele."

"Basi haiwezekani, Mama."

"Usinifanye mtoto mimi."

Tukarudia, tukarudia tena, sauti zikapanda. Jirani yangu muuza vitenge, ambaye masikio yake yamo dukani kwangu kutwa, akapaza sauti, "Fimbo ya mbali haiui nyoka, shoga! Mwambie aje!" Nikamwambia auze vitenge vyake. Mwanangu akashusha pumzi. "Nisomee mstari wote, Mama. Kila kitu, tangu mwanzo." Nikasoma. Nilipofika mwisho kabisa nikasema, "Na reli."

"Mama, umeiweka nyuma."

"Nyuma ya wapi? Mstari unaanza kushoto unakwenda kulia. Mbele si ndiko unakokwenda?"

Marehemu baba yake alikuwa mtu wa reli. Miaka mingi alikuwa akigeuza njia pale Kaliua, treni ya Mpanda ipite huku, ya Kigoma kule. Nyumbani kwetu mbele ilikuwa kule kinakoelekea kichwa cha treni, hapakuwa na mbele nyingine. Mwanangu analijua hilo vizuri. Akaanza kucheka, kicheko kilekile cha baba yake, kinachoanzia puani. Sikuwa nimekisikia tangu msiba. Nikacheka nami mpaka machozi, muuza vitenge akaja kuchungulia.

"Baba angekutetea," akasema.

"Angekutandika na wewe kwa kubishana na mama yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtaja marehemu bila mmoja wetu kutafuta sababu ya kukata simu. Halafu mtu akamwita huko ofisini. Akasema atanipigia kesho saa ya chakula tumalizie.

Akapiga kweli. Siku hiyo tulikwama kwenye ufunguo wa ghala jipya, maana kila ghala lina ufunguo wake wa kuthibitisha kwamba mwenyewe ni yeye. Siku iliyofuata umeme ulikatika. Nyingine intaneti ilikuwa ikitambaa. Nikaanza kuja na chakula dukani ili nisikose simu. Na niligundua jambo: asilimia zinapopanda polepole kwenye kioo, na watu wawili hawana la kufanya ila kungoja, ndipo maneno hutoka. Aliniambia halali vizuri. Aliniambia anaogopa kupunguzwa kazini. Aliniambia kwamba siku ya mazishi alitaka kubaki, lakini hakuona kama namhitaji, nilivyokuwa nikipanga mikeka na kugawa amri. Nikamwambia imefika asilimia themanini.

Jumamosi nilifungua duka mapema, hakuna mteja. Nikajaribu mwenyewe tangu mwanzo, nisikae tu. Reli nikaiweka mwanzo wa mstari, kule wanakokuita mbele. Nikaandika anwani mpya, nikauleta ufunguo, nikaandika amri. Maandishi yakashuka, yakashuka, hakuna kilicholalamika. Printa ikakoroma, ikatoa karatasi ya majaribio, safi, wino umekolea.

Nikaishika ile karatasi. Nilitaka kumwonyesha mtu, na mtu mwenyewe hakuwepo. Nikachukua simu nimpigie, kidole kikasita. Nikishamwambia imekubali atasema hongera, Mama, atafurahi kweli, halafu ndiyo basi. Tutarudi kwenye hamjambo hatujambo. Nikakaa kwenye kiti cha wateja nikalia, na sitadanganya kwamba ni furaha.

Saa saba akapiga.

"Shikamoo, Mama. Vipi, imekubali?"

Ile karatasi ilikuwa mapajani mwangu.

"Marahaba. Bado."

"Inasemaje?"

Kioo kilikuwa kitupu, hakina kosa hata moja. Nikamsomea lile kosa la siku ya kwanza kwa kichwa, maana nilishalihifadhi: anwani ya ghala, nukta zake zote, halina faili la Release. Nilisoma taratibu, kama mtu anayesoma kweli.

Nikasikia anavuta kiti. "Haya, Mama. Usijali. Tuanze upya. Fungua lile faili."

"Nalifungua," nikasema. "Leo mashine nzito, itachukua muda. Hebu niambie kwanza, umekula?"