Siku Niliyompongeza Mwanangu Ziwani

Mwanangu alipofunga mwaka wa tatu chuoni, niliamua kumpeleka kuvua samaki. Mke wangu aliponiona nimekaa na simu natafuta mashua ya kukodi, alicheka mpaka akaweka mwiko chini.

"Mwalimu, wewe na maji wapi na wapi?"

Alikuwa na haki ya kucheka. Mimi ni mtu wa Singida, vijijini, mbali na ziwa lolote. Nimekulia mahali ambapo samaki alifika akiwa mkavu, ndani ya gunia, na hadi leo sijui kuogelea. Nilifundisha fizikia sekondari kwa miaka tisa kabla hatujahamia Toronto. Hapa naendesha basi dogo linalopeleka wasafiri hotelini kutoka uwanja wa ndege, ila mke wangu hajaacha kuniita Mwalimu.

Huyu kijana ndiye mtoto wetu pekee. Alikuja huku ana miaka mitano. Kiswahili anakielewa chote, lakini tangu aanze shule anatujibu kwa Kiingereza. Tulipozoea, tukaacha kumsahihisha. Alipokuwa sekondari alikuwa akitazama kwenye simu video za watu wanaovua walleye, samaki wa maziwa ya huku mwenye macho meupe meupe. Angeweza kukueleza wanakula nini na wanakaa kina gani, ingawa mwenyewe hakuwahi kushika hata ndoana. Halafu akaingia chuo kikuu kusomea uhandisi, akawa mkimya. Kila siku saa moja asubuhi alitoka na begi mgongoni, akarudi jioni. Nilikuwa namuuliza, "Masomo vipi?" Naye alijibu, "Mazuri, dad." Mambo yote ya chuo, hata mkopo wa ada, aliyafanya mwenyewe kwenye kompyuta. Sisi tulimshukuru Mungu kwamba hatusumbuliwi.

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa sita tuliondoka kwenye ghorofa letu la mtaa wa Dixon kabla jua halijachomoza, tukashika barabara ya kwenda Ziwa Erie. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi. Alikaa kando yangu, kofia ameishusha usoni. Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana yake.

"Nimefurahi sana na wewe, baba. Miaka mitatu ya uhandisi si mchezo."

"Asante," alisema kwa Kiingereza kama kawaida yake, uso ameugeuzia dirishani.

Nahodha wa mashua niliyokodi alikuwa mzungu mzee, mnene, magoti yanamsumbua, akishuka ngazi anashuka kiubavu. Alitupatia makoti ya kuokolea maisha, mimi langu nikalikaza mpaka likanibana pumzi. Alitueleza kwamba huku hawatupi ndoana na kukaa kungoja. Mashua inakwenda polepole, fito za kuvulia zimesimamishwa ukingoni, na mishipi inaburutwa nyuma ikiwa na minyoo na vibati vinavyong'aa. Ufito ukipinda, mmoja wetu auchukue na kukunja mshipi bila kusimama.

Tulipoacha gati, ziwa lilikuwa limetulia. Nusu saa baadaye ufuko haukuonekana upande wowote, na mawimbi madogo ya ubavuni yakaanza kuitikisa mashua. Nilikaa nyuma, nimeng'ang'ania bomba la chuma, macho nimeyakaza kwenye ndoo aliyoniwekea nahodha. Mwanangu akaenda kusimama na nahodha kwenye usukani.

Hapo ndipo nilipomsikia anacheka.

Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo. Nahodha alikuwa akimwonyesha kitu kwenye kioo cha kutafutia samaki, naye akaonyesha kwa kidole, wakabishana, wakacheka tena. Kisha wakazungumza muda mrefu. Mlio wa injini ulinimezea maneno yao, nikawa naona tu mabega ya mwanangu yamelegea na mikono yake inaeleza. Nilitapika mara mbili kwenye ndoo ile, na bado nilikuwa na furaha. Nikajiambia, kumbe dawa yake ndiyo hii.

Ufito wa kwanza ulipopinda, aliurukia kabla nahodha hajasema. Alikunja mshipi taratibu, meno ameyauma, na nahodha akamchota samaki kwa wavu. Alikuwa wa rangi ya dhahabu iliyochanganyika na kijani, mapezi ya mgongoni kama sindano, na macho yake yalikuwa na ukungu kama ya mzee mwenye mtoto wa jicho.

"Dad, tazama!"

Nikampiga picha. Baadaye akanipa mimi ufito, akasimama nyuma yangu, akanishika viwiko ili nisianguke. Nilikunja vibaya, mshipi ukalegea, samaki akaenda zake.

"Si kitu," aliniambia. "Hata mimi ningekosa."

Nilipenda alivyosema. Kama siku ingeishia pale, ningekuwa mtu mwingine leo.

Tulirudi gatini mchana na samaki saba. Mwanangu alikwenda kunawa. Nahodha alisimama kwenye meza ya mbao akiwapasua wale samaki, minofu huku, mifupa kule, na bila kuinua macho akaniambia kwa sauti ya chini, kama mzazi kwa mzazi mwenzake:

"Usimkasirikie sana. Ni kijana mzuri. Wangu naye aliacha chuo, tukanuniana miaka miwili. Na huyu wako aliacha mapema, mwaka wa kwanza tu. Maana yake pale hapakuwa pake."

Alidhani najua. Nilimtazama yule samaki mezani, nikahesabu. Mwaka wa kwanza. Miaka miwili ya begi mgongoni, saa moja asubuhi, theluji inanyesha, na mama yake anamfungia chakula.

"Asante," nilimwambia. Kisha, sijui kwa nini, nikamuuliza samaki huyu anapikwaje. Akanieleza kwa urefu.

Njiani niliendesha karibu saa nzima. Nilikuwa naogopa sauti yangu. Mwishowe nikauliza:

"Ulikuwa unakwenda wapi kila asubuhi?"

Hakuuliza nimejuaje. "Maktaba," alijibu kwa Kiingereza. "Madukani. Siku nyingine napanda treni mpaka mwisho wa njia, halafu narudi."

"Miaka miwili?"

"Ndiyo."

"Na ukaona umwambie mzungu uliyekutana naye leo. Sisi wazazi wako tumekukosea nini?"

"Yeye aliniuliza ninapenda nini."

"Mimi sijawahi kukuuliza?"

Akanijibu kwa Kiswahili, kile chake cha kuvunjikavunjika, na hiyo ndiyo sentensi pekee ya Kiswahili aliyoniambia siku ile.

"Wewe unauliza masomo tu."

Nilitaka kusimamisha gari. Nilitaka kumwambia kwamba alipokuwa anacheka kule ziwani moyo wangu ulicheka naye. Lakini kilichonitoka mdomoni ni ualimu. Nilisema, "Ungeniambia mapema, tungekutafutia mtu wa kukufundisha." Nilisikia maneno hayo yakitoka na nikajua nimeharibu. Akashusha kofia usoni.

Mke wangu alikuwa ameshasonga ugali. Aliikaanga ile minofu kwa ndimu na vitunguu saumu, akaiweka mezani akiwa na furaha kama ya sikukuu, akatushika mikono. Alimshukuru Mungu kwa safari njema, akamshukuru kwa miaka mitatu ya masomo, akauombea mwaka uliobaki. Mwanangu aliitikia amina. Alimega tonge moja, akasema ameshiba, akaingia chumbani. Mimi nilikula. Nilikula samaki wote walioachwa kwenye sahani yake, kwa kuwa mke wangu alikuwa ananitazama.

Nilimwambia mke wangu siku tatu baadaye. Hakulia mara moja. Alikaa kitandani na sare zake za kazi, akaniuliza, "Wewe ndiye mwalimu. Ulikuwa huoni?" Hapo ndipo akalia.

Tulijaribu tulivyoweza. Daktari alimpangia kijana mtu wa kuzungumza naye, akaenda mara mbili, akaacha. Mke wangu alifunga na kuomba. Mimi nilijifunza maswali mapya, nikawa nabisha hodi mlangoni kwake na kumuuliza anapenda nini, anafikiria nini, na kila nilipouliza niliona aibu imempanda usoni kwa ajili yangu. Mwezi wa tisa aliondoka kwenda mikoa ya magharibi ya huku Kanada. Alisema amepata kazi kwenye ghala. Mama yake alimkumbatia kwenye lifti na hakutaka kumwachia, mpaka mlango uliozuiwa ukaanza kupiga kengele.

Alipiga simu Krismasi, dakika chache. Tangu hapo tunamwandikia, tunaona ujumbe umesomwa, basi. Sijui anaishi na nani. Mke wangu ameomba zamu za jioni kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi. Mimi nikirudi, yeye ameshatoka, na tukiwa pamoja tunazungumzia bili na hali ya hewa. Zamani nilikuwa nikidhani mambo haya yana mwisho wake, kwamba siku moja kijana atakua na atarudi. Sasa sisemi hivyo hata moyoni.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya Kiswahili, mzee mmoja wa kanisa alinishika mkono nje ya mlango.

"Kijana wetu wa uhandisi yuko wapi siku hizi, Mwalimu? Hatumwoni."

"Amemaliza," nilisema. "Yuko magharibi, kazini."

"Mungu ni mwema! Hongera sana."

"Ahsante, mzee," nikamjibu, na nikatabasamu mpaka alipoingia kwenye gari lake.