Amri Niliyoifurahia

Juzi, kwenye korido ya mahakama nilikoanza kazi, nilimwona mtoto aliyeitwa kwenye shauri akiwa ameng'ang'ania mkanda wa baba yake, nikakumbuka alasiri yangu mwenyewe ya utotoni mbele ya hakimu.

Moto niliowasha kuchoma viazi ulikuwa umeteketeza ngitili ya jirani, majani aliyowatunzia ng'ombe wake kwa kiangazi. Gauni langu lilinuka moshi hata baada ya kufuliwa. Samansi ilinitaka nifike na mzazi. Mama alikuwa amefariki, nami nililelewa na bibi pale Didia, kwa hiyo baba aliitwa kutoka machimbo ya Geita. Alikuja akinuka tope na tumbaku.

"Wewe ndiye mzazi?" hakimu aliuliza.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nakukabidhi mtoto huyu. Umtunze, umchunge. Akirudia, nitakushika wewe."

Watu walinionea huruma. Mimi nilifurahi, maana nilidhani serikali imemwamuru baba asiondoke tena. Leo najua amri ile ilimtaka tu ayajibie makosa yangu. Haikusema alale wapi. Bado huwa naisoma amri kama ile mara mbili mbili kila nikutanapo nayo kazini.

Kabla jua halijazama, baba alipanda lori la kurudi Geita. Nilibaki nimekaa kando ya barabara mpaka bibi akanifuata.

"Unamngoja nani wewe?"

"Polisi."

"Mayu wee! Umechoma nini tena?"

"Sijachoma kitu, bibi. Baba ndiye ametoroka."