Mwisho wa Mchezo na Nusu ya Kichwa cha Yaya

Mu Kasenga, mutaa wetu wa kando ya ziwa, watu wananiita Nilionaka. Wateja wa saloni yangu, watu wa moto, wale wa pikipiki, mama wa mandazi. Hata padri, siku moja niko natubu zambi, alisahau akaniita vile, kisha akaniongezea sala. Jina lenyewe ni neno nililolisema nikiwa mutoto. Nilisema nimeona kitu, hakuna aliyeamini, nikabaki narudilia: nilionaka, nilionaka, mpaka likanishika kama harufu ya samaki. Watu wanacheka, na minye nacheka nao, kwa sababu kinyozi mwenye kununa anabakia peke yake na viti vyake.

Lakini hapa sitaki kuchekesha. Nikichekesha, unisamehe, ni kilema cha mudomo. Niko na hasira, na nitaieleza yote.

Kitu chenyewe ni mchezo. Papa wetu alikuwa shofa, dereva wa wazungu fulani waliokuja kupima maji ya mto Ruzizi. Kazi yao ilipoisha, mumoja wao akamuachia ordinateri, kompyuta ya nyumbani. Usifikiri zile za sasa. Ilikuwa kibao cheusi cha plastiki chenye herufi juu, kidogo kuliko lungo ya kupepetea muchele. Haikuwa na kioo chake, ilikuwa inaazima cha televizyo. Haikuwa na akili ya kukumbuka, sawa na minye siku ya egzamen: ukiizima, imesahau yote. Mchezo ulikuwa unakaa mu kaseti, kaseti ya kawaida ya redio, na uliingia mu mashini kwa kelele kama za mbuzi anayechinjwa na kisu butu. Mistari ya rangi inacheza ku kioo, watoto wote tumeshika pumzi.

Maana meza ikitikisika kidogo tu, mchezo unafia njiani, na inabidi kuanza upya. Na nyuma ya ukuta, mama anatwanga sombe, majani ya muhogo. Mwenye hakukulia kwetu hawezi kuelewa hiyo vita. Sombe haitwangwi na adabu. Kinu cha mama kilikuwa kinatikisa mpaka picha ya Bikira Maria ku ukuta. Basi tukapatana: kaseti ikianza, kaka yangu mukubwa, yule minye naita yaya, anapiga mluzi, na mama anasimamisha mutwangio mpaka picha itokee. Kuna siku papa alitoka kazini akauliza chakula iko wapi, na mama akamujibu kwamba inangoja ndege ifike.

Ndege ndiyo ilikuwa mchezo wote. Ndege yako ni ndogo, ya kijani, iko inaruka mu giza kati ya nyota. Kwanza mawe. Kisha adui, wanakuja kwa mustari kama wanafunzi wa masista. Kisha ndege moja kubwa mpaka inajaza kioo, ile tulikuwa tunaita Shefu. Kwa Shefu ndiko kila muntu alikuwa anakufia. Yaya, aliyekuwa wa kwanza mu kila kitu, darasani, ku korale ya kanisa, hata ku meza, na yeye alikuwa anakufia pale.

Siku moja mchana nilibaki peke yangu mu nyumba, nikamuua Shefu.

Kioo kikawa cheusi. Halafu ikatokea dunia ya bluu, ndege yangu ikatua juu yake, mulango ukafunguka, na muntu mudogo wa nukta chache akashuka ku ngazi akanipungia mukono. Hapo courant ya umeme ikakatika. Nilikimbia mpaka barabarani kuambia watu. Nikasema mule mu mchezo muko muntu, anatoka mu ndege, anapunga mukono. Watu wakaangusha vitu vyao kwa kucheka.

Papa alikuwa katekista. Kwake uongo ulikuwa mubaya kuliko wizi, kwa sababu mwizi, alisema, angalau amefanya kazi. Akamuita yaya, kwa sababu yaya hakujulikana kudanganya, akamuuliza mbele yangu. Yaya akasema, na sauti ya mutoto wa altare, wa kutumikia misa:

"Papa, mule hamuna muntu. Ni ndege tu."

Courant iliporudi, papa akaniambia nimuonyeshe. Akasimama nyuma yangu, mikono mu mifuko. Vidole vyangu vikakosea herufi, nikafa ku mawe, pale hata mutoto wa jirani hakuwa anakufia. Papa akachomoa waya moja moja, akafunga ordinateri na kaseti mu shuka, akaziweka mu sanduku yake ya chuma, akafunga na kufuli. Alisema hafungi juu ya mchezo. Anafunga juu ya mudomo wangu.

Shangazi yetu, dada ya papa, aliyekuwa anakaa na sisi, ndiye alinibatiza Nilionaka siku ile ile.

Ingeishia pale, ningekuwa leo muntu mwenye jina la kuchekesha na hadisi ya kuchekesha. Haikuishia pale. Niko mu mwaka wa ine wa sekondari, maswali ya egzamen yakakutwa mu meza yangu. Sikuyaweka minye, mpaka leo sijui nani aliyaweka. Prefe, mukubwa wa shule, akamuita papa. Papa akasikiliza yote, ameshika kofia yake ku magoti, kisha akanigeukia. Nikamuambia, papa, sijui kitu. Akaniuliza taratibu:

"Na hii, ulionaka?"

Akavaa kofia, akatoka. Hakuomba, hakutetea. Mutoto anayejulikana ni muongo, utamutetea na nini? Shule yangu ikakatikia pale, na elimu yangu mpaka leo iko kama nyumba ya mabati isiyo na mulango. Yaya aliendelea. Leo yeye ndiye prefe, mu shule kubwa ya Bukavu, na minye ni kinyozi. Sizarau kazi. Vichwa vya watu vimenijengea nyumba, ijapokuwa ziwa lilishaingia mule kusalimia bila kupiga hodi. Nasema tu vile ilivyokuwa.

Mwaka huu tulikuwa tunamaliza kilio, matanga ya mama. Papa alimutangulia zamani. Yaya akashuka kutoka Bukavu, tukafungua ile sanduku ya chuma kutoa vitenge vya mama tugawie wamama. Chini kabisa, mu shuka ile ile, ordinateri. Maji ya ziwa hayakuifikia, mama alikuwa amepandisha sanduku juu karibu na mabati. Yaya akasema tupatie watoto wacheze nayo. Minye nikaikumbatia kama muntu aliyeokota mutoto barabarani, nikaenda nayo saloni.

Mule niko na televizyo ya zamani, yenye mugongo kama mimba, wateja wanaangalia mupira. Nikafunga waya, na redio ya kusomea kaseti. Mara ya kwanza kaseti ikafia njiani. Nikapangusa kichwa cha redio na ile alkoli ya shingo za wateja, nikaanza tena, ikafia tena. Nilitukana kwa Kiswahili, nikaongeza na Kifuliiru. Niliacha niijaribu tena kesho yake.

Kesho yake mchana, yaya akaja kunyolewa. Misa ilikuwa asubuhi iliyofuata, na yeye ndiye mukubwa, ndiye wa kusimama mbele kuongea juu ya mama. Nikamufunga taulo, nikaanzisha kaseti ikiwa inalialia pale pembeni, nikanyoa upande wa kushoto. Nilipofika katikati ya kichwa, kelele ikanyamaza, na ndege ya kijani ikatokea ku kioo.

Sasa, mashini yangu ya kunyolea ikiwaka, inaleta mistari ku televizyo. Huwezi kunyoa na kucheza pamoja. Nikamuambia yaya avumilie kidogo. Nikazima mashini, nikamuacha na nusu ya kichwa, nikakaa ku kibao. Wateja wawili waliokuwa wanangoja wakasogeza viti.

Ningetaka kusema ilikuwa tamu kama zamani. Haikuwa. Herufi zilikuwa ngumu, macho yangu yamezeeka, na yale mawe niliyoota utoto wote yalikuwa viboksi tu, kama vipande vya sabuni. Nilikasirika na mchezo wenyewe. Kitu kidogo vile, na kimenila vile. Nikafa, nikaanza tena, nikafa. Halafu vidole vikakumbuka bila kuniuliza. Mawe yakapita, mustari wa masista ukapita, Shefu akajaza kioo, na hawa wateja wawili wakaacha kutafuna karanga. Nikamuua.

Kioo kikawa cheusi. Na yaya, pale ku kiti, taulo ku shingo, akasema polepole kama muntu anayesoma gazeti:

"Muangalie sasa, ataanguka kwanza."

Unielewe vizuri hapa. Hadisi ya muntu mudogo nimeihadisia maisha yangu yote. Anatoka, anapunga mukono. Siku hata moja sikusema kama anaanguka. Na anaanguka kweli: anateleza ku ngazi, analala na uso chini, anainuka, ndipo anapunga. Nilikificha kile kipande, kwa sababu walikuwa wananicheka ya kutosha, na shujaa anayeanguka ku ngazi angenimaliza. Sikuambia papa, sikuambia mama, sikuambia bibi yangu wa ndoa. Kilikuwa changu peke yangu.

Ku televizyo muntu akaanguka. Wateja wakapiga makofi, mumoja akasema kumbe Nilionaka alionaka kweli. Minye sikumuona akiinuka. Nilikuwa naangalia yaya mu kioo cha ukutani, na yeye akaona kama namuangalia.

"Ulijua je anaanguka?"

Akasema tumalize kichwa, saa inaenda.

"Yaya. Ulijua je?"

Akavuta taulo kidogo. "Nilikuwa ku dirisha," akasema. Kisha akatoa kile kicheko cha maprefe, kinachotokea mu pua. "Tulikuwa watoto, wee. Na ningesema kweli, ungejivuna, hatungekaa na weye mu nyumba."

Uongo wa mutoto ningeusamehe pale pale, nikitaka. Watoto wanadanganya, na minye niko na watoto, najua. Lakini asubuhi ile papa alipotoka kwa prefe na kofia ku kichwa, yaya alikuwa nyumbani, muntu mukubwa mwenye ndevu, anangojea kwenda iniversite. Neno moja tu, papa, siku ile mutoto alisema kweli. Hakulisema. Na siku tuliyomuzika papa, yeye ndiye alihadisia Nilionaka mbele ya watu, wapunguze machozi. Watu wakacheka. Minye nilicheka kuliko wote. Hicho kicheko changu ndicho kinanichoma mpaka sasa.

Nikachomoa mashini ya kunyolea, nikazungusha waya wake vizuri, nikaiweka mu mutoto wa meza, nikafunga na ufunguo.

"Shangazi ni ule pale," nikasema. "Enda umuambie."

Shangazi alikuwa ngambo ya barabara, mbele ya nyumba yetu, anachagua ndagala, yaani dagaa, za wageni wa kesho. Wa rika ya papa amebaki yeye tu.

Yaya akaniuliza kama muntu wa umri wake, na cheo chake, anaweza kwenda kwa muzee kuongea mambo ya mchezo. Nikamujibu kwamba kichwa chake iko nusu, kwamba misa ni kesho, na kwamba mu kanisa mwanaume anavua kofia. Kinyozi mwingine yeyote wa Kasenga hangemugusa. Kichwa kilichoanzwa na mwenzako hukimalizi, labda uje kwanza umuulize huyo mwenzako ni nini ilimuachanisha na muteja, na yaya alijua hilo tangu utoto. Mumoja wa wateja akamuambia ile upande iliyobaki inamukaa vizuri, wanafunzi wataiga. Sikucheka. Nafikiri hapo ndipo yaya alielewa.

Akainuka na taulo lake. Akavuka barabara na kichwa kile, watu wa moto wanapunguza mwendo kumuangalia. Akachuchumaa mbele ya shangazi. Minye nilibaki ku mulango. Nilisikia neno dirisha. Shangazi hakuacha kuchagua ndagala, mikono iliendelea kama haimusikilizi. Kisha ikasimama.

"Papa yenu alikufa hajui?"

Yaya akakubali na kichwa, nusu upara nusu nywele. Shangazi akasukuma ndagala pembeni. Akamuambia arudie kwangu amaliziwe, kwa sababu hataki kilio cha mama yetu kimalizwe na muntu wa nusu.

Nilimumalizia. Ni kichwa cha kwanza mu kazi yangu nilichonyoa bila kusema neno. Alipojaribu kunichekesha, nilimuinamisha shingo kama mutoto wa shule. Kesho yake aliongea vizuri sana juu ya mama, na Kifaransa ndani, watu walilia. Akarudi Bukavu. Ananitumia mesaji ku telefone zenye vichwa vya kucheka, sijibu. Bibi yangu anasema nisamehe, ilikuwa mchezo tu. Labda kuna siku nitasamehe. Siko na haraka. Wao hawakuwa na haraka.

Siku iliyofuata misa nilifungua saloni kama kawaida. Niko mu kichwa cha muntu, nikasikia ngambo ya barabara sauti inaita mwanaume fulani, jina zuri la ubatizo, la mutakatifu. Ikaita tena. Ikaita na hasira. Nikafikiri moyoni, huyu bwana, popote alipo, ni kiziwi.

Mteja akaniangalia mu kioo. "Shangazi yako iko anakuita weye," akasema.