Jumamosi Mama Aliyowatajia Panya

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kule kwetu karibu na mashamba ya kahawa ya Karatu, kulikuwa na neno moja lisilotamkwa ndani ya nyumba. Neno lenyewe ni panya. Bibi, mama yake baba, aliwaita "wenyewe". Ukijisahau ukasema panya, alikugonga kisogoni kwa kidole, kisha akatazama juu kwenye dari yetu ya viroba vilivyoshonwa, kama anayemwomba radhi mgeni. Alisema wanasikia. Ukiwataja wanakula nguo yako unayoipenda, ukiwatishia wanakula mali ya nyumba nzima.

Msinicheke. Hadi leo watu wazima na akili zao wanaingia dukani kwangu hapa mjini, wananisogelea sikioni na kunong'ona, "Dada, una dawa ya wale jamaa?" Nawajibu kwa sauti inayofika mpaka kwa fundi pikipiki ng'ambo ya barabara: "Ya panya? Dawa sina. Nina saruji na wavu wa chuma." Wengine hununa wakaondoka. Waende tu.

Mwaka huo mdogo wangu Boay alikuwa na miezi mitano. Asubuhi moja mama alikuta damu kwenye shuka, na kidole kikubwa cha mguu wa mtoto kimetafunwa. Walimuuma huku wakimpuliza, kama kawaida yao, hata hakulia. Mama alimpeleka zahanati, akarudi mchana na mguu ule mdogo umefungwa bandeji. Baba hakuwepo. Alikuwa mpishi kwenye hoteli moja huko juu, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na nyumbani alirudi kila baada ya wiki mbili.

Mama alikuwa mtu wa Singida, aliyekuja kuchuma kahawa akaolewa hapo hapo, na majirani hawakuchoka kumkumbusha kwamba hajui mila za watu. Siku hiyo aliwapa sababu. Alisimama katikati ya sebule, mtoto mgongoni, jua la saa sita likiwaka nje, akainua uso kwenye dari.

"Panya!" aliita. "Nasema na nyinyi, panya. Jumamosi naziba matundu yote. Mtoto huyu hamtamla."

Bibi aliangusha ungo wa maharage.

"Mama Paskalina! Yaani umewatajia na siku?"

"Nimewatajia, mama. Wajiandae."

Paskalina ni mimi. Niliogopa hadi nikabanwa na mkojo, lakini nakiri pia kwamba nilijisikia raha ambayo sijaisahau, kumsikia mtu mzima akilitamka neno lile bila kupunguza sauti.

Jumamosi mama alikanyaga udongo, akachanganya na saruji kidogo iliyobaki baba alipojenga choo, akatia vipande vya chupa zilizosagwa. Kazi yangu ilikuwa kupita ukutani na penseli ya shule. "Ikipita penseli, panya mtoto anapita," aliniambia. Nilitambaa kila pembe nikichomeka penseli yangu na kupiga kelele, "Hapa mama! Na hapa!" Matundu madogo aliyashindilia stilwaya ya kusugulia sufuria kabla ya kupaka udongo. Pale juu, ukuta unapokutana na bati, alipigilia wavu. Chini ya mlango akagongomea kipande cha bati. Jioni nyumba ilikuwa imebana kiasi kwamba moshi wa jikoni ulikosa pa kutokea, tukakohoa wote. Bibi alikaa uani kutwa nzima, ametupa mgongo.

Jumapili asubuhi daftari langu la hesabu lilikuwa vipande vipande. Jumatatu ilikuwa zamu ya kanga ya mama, ile aliyopewa siku ya harusi. Jumanne Bibi alifungua sanduku lake la mbao na kutoa ukelele ulioleta majirani. Humo alikuwa ametunza blanketi jipya la kijivu, ambalo hakuwahi kujifunika hata siku moja, kwa sababu lilikuwa la kuzikiwa. Katikati yake palikuwa na tundu la kutosha kupitisha kichwa cha Boay.

Bibi hakulia. Alilikunja taratibu, akaliweka magotini. Majirani walimtazama mama kama mtu aliyekwisha kuhukumiwa.

"Wamejibu," Bibi alisema. "Toa udongo wako ukutani, uwaombe radhi. Ijumaa mwanangu anarudi. Akikuta bado ni hivi, atachagua mwenyewe nani akae nyumba hii, wewe au mimi."

Mama alikuwa hajalala siku tatu, maana usiku alikaa ameegemea ukuta na Boay kifuani, akiogopa kumlaza. Nilimwona macho yamemwiva, nikadhani sasa atachukua jembe abomoe. Badala yake alikwenda mlangoni akachutama. Kuna vumbi la mbao lilikuwa limeanguka chini, na alama za meno kwenye ubao, pale juu ya kipande cha bati. Akalipitishia kidole vumbi lile. Kisha akafungua mlango, akachutama upande wa nje, akaangalia ubao ule ule. Ulikuwa mzima.

"Paskalina, njoo. Anayetaka kuingia anatafuna mlango upande gani?"

"Wa nje."

"Na hawa wametafuna wa ndani." Alianza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka kabisa. "Hawajibu mtu hawa. Wanataka kutoka! Nimewafungia ndani. Nimeziba mchana, wenyewe wamelala darini!"

Ndivyo ilivyokuwa. Alikosea, na alilisema kosa lake mbele ya majirani wote, jambo ambalo sijaona wengi wakiliweza. Lakini radhi kwa panya hakuomba.

Alitoboa tundu moja tu, ukuta wa jikoni, juu kidogo ya kimo cha kifua changu. Akachukua kopo la maziwa ya unga, akalikata kitako, akalichomeka humo likajitokeza nje kama mdomo. Anayetoka anateleza na kudondoka. Akitaka kurudi, hana pa kushika. Mahindi, maharage na hata ndoo ya maji vilikwenda kwa jirani, ndani tukabakiza njaa na kiu. Chini ya kopo, nje, alimwaga majivu ya jikoni na kuyalainisha kwa kiganja.

Jumatano asubuhi majivu yalijaa nyayo, zote zikielekea kwenye migomba. Alhamisi zilikuwa chache, nilihesabu za wanyama wawili tu. Mama alilainisha tena. Ijumaa Bibi aliamka kabla yetu. Tulimkuta amesimama na fimbo yake mbele ya majivu meupe, safi, hata sisimizi hajapita.

"Hakuna aliyekufa ndani?" aliuliza.

"Hakuna, mama. Wametoka kwa miguu yao."

Hapo ndipo Bibi alipokaa juu ya kinu na kutuambia jambo ambalo hata baba hakuwahi kulisikia. Alipokuwa mtoto upande wa Mbulu, panya walianza kutoka mchana, wakipepesuka kama walevi, wakifia sakafuni penye watu. Mwezi haukuisha, dada zake wawili wakavimba mitoki na kufa kwa tauni. Yeye akabaki. Tangu hapo hakutaka sumu wala mtego ndani ya nyumba, na hakutaka watajwe.

"Sikuwa nawaheshimu," alisema. "Nilikuwa nawaogopa."

Mama alichukua udongo wa mwisho, akang'oa kopo, akaziba. Boay alilazwa kitandani siku hiyo, peke yake, mikono ameitupa huku na huku, na baba alipofika jioni hakukuwa na mtu wa kuchagua.

Nimeshakuwa mkubwa kuliko mama alivyokuwa wakati ule, na wakinong'ona dukani sasa najiuliza kwanza kila mmoja anamlilia nani. Kisha bado nalitaja jina kwa sauti. Ukimya wa Bibi ulikuwa na sababu, na naililia sababu hiyo, lakini ni ukimya huo huo uliowaachia kidole cha mdogo wangu. Wateja nawapa penseli bure.

Bibi aliishi miaka mingi baada ya hapo. Blanketi alilitia kiraka chekundu kwa mkono wake mwenyewe. Alipozidiwa, baba alimnunulia jingine, zuri, zito. Alilisukuma pembeni na kuniagiza lile la sandukuni.

"Mama, hili si limetafunwa?" baba alisema.

"Ndiyo ninalolitaka. Dada zangu lazima walione." Akaweka kidole kwenye kiraka, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia akilitamka. "Nitawaambia, panya walifika mpaka hapa. Hapa ndipo walipoishia."